Taa za chumba kipya cha seva, Dar es Salaam: LED zenye sensa, taa za PoE, au kubadilisha mirija tu?

Msanifu_Mikocheni

Habari za kazi, wanajukwaa. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo ni lazima nilitolee uamuzi kabla ya Ijumaa, kwa sababu bei tulizopewa na wakandarasi zinakwisha muda siku hiyo, na idara ya ununuzi imekwisha kunionya kwamba haitaomba bei mpya. Tunageuza ghala la zamani hapa Dar es Salaam kuwa chumba cha seva, na katika kazi zote za umeme limebaki hili la taa.

Nina machaguo matatu. Chaguo A ni taa ndefu za LED za kuning'iniza, zenye udhibiti wa DALI (mfumo wa kuziwasha, kuzizima na kupunguza mwanga wake kwa waya wa mawasiliano) na sensa za mwendo katika kila njia ya kupita kati ya makabati ya seva. Chaguo B ni taa zinazopata umeme kupitia kebo za mtandao, yaani PoE, ambazo muuzaji wake anazisifu mno. Chaguo C, ambalo mhasibu wetu analipenda kuliko yote, ni kuziacha fremu za mirija ya fluoresenti ya T8 zilizokuwamo tangu enzi za ghala na kubadilisha mirija peke yake, tuweke ya LED. Makabati yatakuwa mengi na yamebanana. Kwa uzoefu wenu, lipi ni bora?

Kilowati

Ndugu Msanifu, umeuliza bei ya kushona kanzu bila kusema kimo cha mvaaji. Dari lina urefu gani kutoka sakafu iliyoinuliwa? Trei za kebo zinapita juu ya makabati au juu ya njia za kupita watu? Mnafunga kwa uzio njia ya baridi (seva zinakovuta hewa) au njia ya joto (zinakoitoa), au hamfungi chochote? Kila kabati litakula kilowati ngapi? Makabati ni meusi au meupe? Kamera za usalama zitakaa wapi? Na hizo fremu za ghala, je, zimejipanga kwa mpangilio wa rafu za zamani au kwa bahati njema zimeangukia katikati ya njia zenu mpya? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakushauri kununua alichonunua yeye.

Mshauri_Nairobi

Wakati tukisubiri majibu hayo, ni vyema tukubaliane kwanza kuhusu kipimo. Kiwango cha vituo vya data cha TIA-942, ambacho wateja wengi wa ukanda huu hukitaja katika mikataba yao, kinataka luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) kwa mlalo na luksi 200 kwa wima, zikipimwa mita moja juu ya sakafu katikati ya kila njia kati ya makabati. Nimekagua michoro mingi ambayo msanifu ameonyesha luksi 500 za mlalo akaridhika, na hakuna mstari hata mmoja unaozungumzia wima. Fundi hafanyi kazi sakafuni. Lebo, plagi, taa ndogo za hitilafu na milango ya nyuzi za faiba vyote viko kwenye uso wa kabati, na uso huo umesimama wima.

Toleo la mwaka 2012 la kiwango hicho, TIA-942-A, liliongeza pia utaratibu wa ngazi tatu: chumba kikiwa hakina mtu, mwanga uwe wa kutosha kamera kufanya kazi, mtu anapoingia, sensa ziwashe eneo alipo ili apite salama na atambulike katika kamera, na anapoanza kazi, mwanga ufike kiwango kamili. Kwa hiyo mimi naegemea Chaguo A, ingawa nakubaliana na Kilowati kwamba bado hatujaambiwa mengi.

Msanifu_Mikocheni

Nashukuru kwa kunikumbusha. Dari lina mita 4.2 kutoka sakafu iliyoinuliwa. Kutakuwa na safu 8 zenye makabati 20 kila moja, ya upana wa milimita 600, na mzigo uliopangwa ni kilowati 15 kwa kabati. Tunafunga njia za joto, na hewa yake inapanda hadi juu ya dari kurudi kwenye mitambo ya kupoza. Trei za kebo ziko juu ya makabati. Kuhusu rangi ya makabati sina uhakika, kwa kuwa agizo lake linashughulikiwa na idara nyingine. Fremu za zamani zimekwenda kinyume na safu zetu, yaani zinazikata kwa upande.

Kilowati

Basi Chaguo C limekufa kwa sentensi yako ya mwisho. Fremu zinazokata safu kwa upande, zikiwa kwenye dari la mita 4.2 huku chini yake kuna trei za kebo na makabati yenye zaidi ya mita mbili, zitamulika migongo ya trei na vichwa vya makabati, na kivuli chote kitaanguka pale fundi anapoinama. Isitoshe, njia zenu za joto zimefungwa hadi darini, kwa hiyo taa iliyo nje ya uzio haiwezi kumulika ndani yake.

Sasa hesabu. Chukua njia moja ya baridi yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 1.2: eneo lake ni mita za mraba 14.4, na ukitaka luksi 500 unahitaji lumeni 7,200, yaani luksi mara eneo, zifike zinapotakiwa. Makabati yakiwa meusi, nakadiria kwamba asilimia 45 tu ya mwanga wa taa ndiyo itakayofika, na ukipunguza tena moja ya tano kwa sababu ya uchakavu na vumbi, inakubidi ufunge taa zenye jumla ya lumeni 20,000. Kwa LED ya lumeni 130 kwa wati, hizo ni takriban wati 154. Makabati yakiwa meupe, kadirio la kwanza linaweza kupanda hadi asilimia 60, na hapo lumeni 15,000 zinatosha, sawa na wati 115. Ndiyo maana niliuliza rangi, na ndiyo maana jibu la "idara nyingine" halinitoshi.

Lakini angalia jambo kubwa zaidi. Makabati 40 yanayoitazama njia hiyo yanakula kilowati 600, na taa zake, hata kwa makabati meusi, hazifiki asilimia 0.03 ya mzigo huo. Mabishano ya kuokoa umeme wa taa yalikuwa na maana katika vyumba vya kilowati 2 au 3 kwa kabati. Katika chumba chenu suala ni kuona vizuri, kutobadilisha taa mara kwa mara juu ya mashine zinazofanya kazi, na kutomwacha mtu gizani. Anayewauzia mfumo kwa hoja ya bili ya umeme anawauzia hoja isiyo yenu.

Mshauri_Nairobi

Siwezi kuliacha hilo lipite. Wati 154 zikiwaka mwaka mzima ni takriban kWh 1,349. Safu 8 zikipangwa mgongo kwa mgongo zinatoa njia nne za joto, njia tatu kamili za baridi, na mbili za pembeni, yaani tisa, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya kWh 12,000 kwa mwaka katika chumba ambacho huenda kina watu kwa saa mbili au tatu kwa siku. Tena kila wati ya taa inageuka joto ambalo mitambo ya kupoza inalazimika kuliondoa. Pesa hiyo si ndogo kwa anayelipa bili, hata kama ni ndogo ukiilinganisha na seva.

Kilowati

Ndugu yangu, makabati 160 ya kilowati 15 ni megawati 2.4, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya kWh milioni 21. Ukipandisha joto la hewa inayoingia kwenye seva kwa nyuzi moja tu, ukiwa bado ndani ya nyuzi 18 hadi 27 ambazo ASHRAE, chama cha wahandisi wa mitambo ya kupoza, inapendekeza, utapata zaidi ya hizo 12,000 zako bila kugusa swichi ya taa. Sisemi taa ziachwe ziwake bure. Ninachosema ni kwamba kuokoa umeme kusiwe ndiko kunakochagua mfumo.

Waya_Moja

Naona kila mtu analiruka Chaguo B kana kwamba halikutajwa. Kiwango cha IEEE 802.3bt cha mwaka 2018 kinaruhusu hadi wati 90 kutoka kwenye mlango mmoja wa swichi ya mtandao, na taa ya njia haihitaji hata nusu ya hizo. Umeme wake ni wa volti ndogo, chini ya 60, kwa hiyo hakuna mabomba ya waya za volti 230 juu ya makabati. Kila taa ina anwani yake. Na taa hiyo hiyo inaweza kubeba sensa ya joto, ya unyevu na ya mwendo, mkapata ramani ya joto ya chumba kizima. Nyinyi ni watu wa mtandao, mna kebo, mna swichi, mna mafundi wanaojua kuunganisha. Sioni kwa nini mlete fundi mwingine na itifaki nyingine, tena ile ambayo laini yake moja ya DALI inaishia kwenye vifaa 64.

Kilowati

Kwa sababu nne, Ndugu Waya. Kwanza, katika zile wati 90, kiwango chenyewe kinahakikisha wati 71.3 tu zifike kwenye kifaa kwa kebo ya mita 100. Zinazobaki ni joto ndani ya mafurushi ya kebo. Pili, swichi hizo za mtandao zitalishwa na UPS (mitambo ya betri ya umeme wa akiba), yaani taa zinakula nafasi ya UPS iliyonunuliwa kwa ajili ya seva. Tatu, swichi inapowashwa upya kwa ajili ya programu mpya, chumba kinakuwa giza, na kazi hizo hufanywa usiku ambapo ndipo mafundi wamo ndani. Nne, TIA-942 inashauri taa zisilishwe kutoka paneli ile ile inayolisha vifaa vya kompyuta katika chumba hicho. Mnataka kuwasha taa ili mrekebishe hitilafu ya umeme, na taa zenyewe zinategemea umeme ule ule ulioharibika.

Waya_Moja

Sababu ya tatu inatatuliwa kwa kugawa taa kwenye swichi mbili kwa kupokezana katika kila njia, na swichi hizo mkazipa paneli yake. Lakini sitabishana na mtu aliyekwisha kuamua.

Zamu_ya_Usiku

Mimi si msanifu. Nimefanya kazi ya zamu ndani ya vyumba hivi kwa miaka mingi, na ningependa kueleza kilichotokea katika kituo kimoja, nisichokitaja, ili Ndugu Msanifu asisaini mkataba wa sensa kwa kusoma karatasi ya muuzaji peke yake.

Kituo hicho kilikuwa na njia za joto zilizofungwa, kama zenu, na sensa za mwendo za PIR juu ya kila mlango wa njia. Sensa ya PIR haioni mtu. Inaona tofauti ya joto kati ya mwili unaosogea na kilicho nyuma yake. Ngozi ya binadamu ina nyuzi kama 33 au 34, na njia ya joto ya seva zenye mzigo mkubwa inafika nyuzi 38. Kwa sensa hiyo, fundi aliyesimama ndani ni sehemu ya ukuta. Mchana tulikuwa tukilalamika, tunaambiwa tupunge mikono. Tulipunga sana.

Usiku mmoja mwenzangu aliagizwa kuondoa kebo ya umeme ya upande A kwenye mfumo wa kuhifadhi data unaolishwa umeme kwa pande mbili, A na B, kwa sababu kitengo kimoja cha umeme kilikuwa kinabadilishwa. Aliingia, taa zikawaka, akapiga magoti nyuma ya kabati, akaanza kufuata kebo kwa mkono kutoka kwenye plagi kwenda chini. Baada ya dakika chache taa zikazima. Akapunga mkono, hakuna kitu. Akatoa simu, akaishika kwa meno, akaendelea. Kebo za upande A zilikuwa nyekundu na za upande B buluu, lakini mwanga wa simu ukiangaza kwa karibu kwenye kabati jeusi unakupa doa moja jeupe na giza pande zote, na nyuma kulikuwa na kebo zaidi ya 40. Aliivuta kebo ya buluu. Upande A ulikuwa umekwisha kuzimwa kwenye kivunja sakiti na msimamizi wa umeme dakika kumi kabla, kwa kufuata utaratibu. Mfumo mzima ukalala, na wateja wakaanza kupiga simu kabla hajatoka mlangoni.

Ripoti iliandika kwamba chanzo ni uzembe wa fundi. Taa zilitajwa katika kiambatisho. Baadaye walileta sensa za maikrowevu, ambazo hazijali joto, lakini mapazia ya plastiki ya mlango wa njia yalikuwa yakitikiswa na upepo wa feni, na sensa zikayahesabu kuwa ni watu, kwa hiyo taa zikawaka usiku na mchana kwa miezi. Kwa maoni yangu huo ndio wakati pekee ambapo taa za kituo kile zilikuwa sawa.

BiMkaguzi

Pole kwa mwenzako, Ndugu Zamu. Simulizi yako ndiyo jambo lenye manufaa kuliko yote yaliyoandikwa humu hadi sasa, na ningependa Ndugu Msanifu alinakili katika masharti ya zabuni: ndani ya njia ya joto, sensa peke yake isiruhusiwe kuzima taa. Kuna suluhisho rahisi sana ambalo wauzaji hawalipendi kwa kuwa halina faida kwao, nalo ni swichi ya mlango. Mlango wa njia ukifunguliwa, taa zinawaka. Zinabaki zinawaka hadi mtu abonyeze kitufe cha kuzima akiwa nje, au muda mrefu upite, nusu saa kwa mfano, na hata hapo zipungue kwanza badala ya kuzima ghafla.

Nikiwa mkaguzi, naongeza mawili. La kwanza ni mwanga wa dharura. Katika njia ya kutokea, kiwango cha Ulaya cha EN 1838 kinataka angalau luksi 1 katikati ya njia hiyo umeme unapokatika, na katika chumba hiki watu wanaweza kuwa ndani ya uzio wa njia ya joto, nyuma ya milango, wakati mfumo wa gesi ya kuzimia moto unapotoa tahadhari. Msitegemee kwamba jenereta itawaka. Sekunde kumi au kumi na tano za giza pamoja na king'ora zinatosha mtu kuanguka. Betri za taa za dharura zisikae ndani ya njia ya joto, kwa sababu nyuzi 38 za kudumu zinaua betri mapema. Wekeni betri nje, pelekeni waya ndani.

La pili ni hilo Chaguo C ambalo mhasibu analipenda. Mirija mingi ya LED ya kubadilisha huhitaji balasti ya zamani (kifaa kinachodhibiti umeme wa mrija) irukwe, na baadhi hupokea volti 230 upande mmoja tu. Baada ya miaka mitatu fundi mgeni ataweka mrija wa fluoresenti kwenye fremu iliyobadilishwa, au mrija wa LED wa aina nyingine, na hakuna lebo itakayomwonya. Kama kuna anayefikiria kurudi kwenye fluoresenti yenyewe, ajue kwamba nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya mirija hiyo ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Akiba ya vipuri haitakuwapo.

Fundi_wa_Pwani

Salaam kutoka Mombasa. Nakubaliana na dada BiMkaguzi kuhusu swichi ya mlango. Mimi ningependa kuzungumzia rangi ya mwanga, ambayo naona hakuna aliyeigusa. Wakandarasi wengi hapa pwani hufunga LED za kelvini 6,500 kwa sababu zinaonekana kuwa kali na wenye jengo huzifurahia. Katika chumba cha seva mwanga huo unachosha macho baada ya saa moja, na kwenye mlango wa kabati unaong'aa unarudi machoni. Kelvini 4,000 inatosha.

Lililo muhimu zaidi ni uwezo wa mwanga kuonyesha rangi kwa usahihi, ile namba wanayoiandika Ra. Isishuke chini ya 80, na kama bei inaruhusu chukueni 90. Faiba za OS2 ni njano, za OM3 ni buluu-kijani, za OM5 ni kijani cha ndimu, na ndani ya kebo yenye nyuzi kumi na mbili kila uzi una rangi yake, ikiwemo waridi na zambarau ambazo kwa taa duni zinafanana na nyekundu na buluu. Nimeona watu wakisogeza kebo hadi dirishani ili kutofautisha uzi, na chumba cha seva hakina dirisha.

Kilowati

Kuhusu Ra nakuunga mkono. Kuhusu kelvini 4,000 sioni ubaya wa 5,000, na huo ni upendeleo tu wa macho ya mtu. Ningependa tugeukie draiva za taa, yaani vifaa vinavyozipa LED umeme wake, kwa sababu ndizo zinazoharibika kabla ya LED zenyewe. Kapasita za ndani ya draiva hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi za ziada. Taa iliyoandikwa kuwa inafaa kwa hewa ya nyuzi 25 au 35 isiingie katika njia ya joto hata siku moja. Dai iliyoandikwa 50, au draiva ziwekwe upande wa njia ya baridi na waya pekee zivuke. Na msisahau kwamba draiva nyingi zikiwaka kwa pamoja huvuta mkondo mkubwa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sakiti breka ya aina B inaweza kuruka. Aina C ndiyo ya kuagiza.

Mshauri_Nairobi

Na lensi. Taa ya ofisi hutawanya mwanga kwa duara. Kwa njia ya upana wa mita 1.2 inahitajika lensi inayotupa mwanga pande mbili, kulia na kushoto, ili nyuso za makabati zipate zile luksi 200 kutoka juu hadi chini. Umbali wa kuning'iniza uwe chini ya trei, si juu yake. Mkandarasi akileta hesabu ya kompyuta, mwombeni aonyeshe matokeo ya wima katika kimo cha nusu mita pia, maana hapo ndipo mwanga huisha.

Zamu_ya_Usiku

Nikiwa mtu wa kuinama, nashukuru kwa hilo la nusu mita. Ningependa kusikia pia maoni yenu kuhusu taa za kichwani. Baadhi ya waendeshaji wa vituo huwapa mafundi taa za kichwani na kuzima taa za chumba kabisa, wakisema chumba kizuri ni kile kisichohitaji mtu.

BiMkaguzi

Taa ya kichwani ni kifaa cha ziada. Ikiwa ndiyo taa pekee, mtu akizimia ndani, mwenzake atamtafuta kwa duara la mwanga la mita mbili. Katika ukaguzi wangu hilo halipiti.

Waya_Moja

Kwa heshima, dada, kituo kisicho na watu hakina wa kuzimia. Mashine za kilowati 15 leo ni za kawaida. Kuna makabati ya kupozwa kwa maji yanayofika kilowati 120, na hayo hayatashughulikiwa kwa mkono kila siku. Tunapanga taa za miaka ishirini iliyopita.

Kilowati

Hayo makabati ya maji yana mabomba na viungio vya kupitisha maji, na tone likianza kuvuja nyuma ya kabati nataka niwe na luksi nyingi kuliko leo, si chache.

Msanifu_Mikocheni

Nawashukuru nyote. Chaguo C nimeliondoa na nimemweleza mhasibu kwa kutumia maneno ya dada BiMkaguzi. Nimemwandikia mkandarasi wa Chaguo A kwamba PIR zitolewe ndani ya njia za joto na badala yake ziwekwe swichi za mlango, na ameniongezea bei ya waya ambayo bado sijaielewa. Mwenye Chaguo B naye, baada ya kusikia, amepunguza bei kwa kiasi ambacho kimewafanya wakubwa wangu wamwangalie upya.

Kuna mambo mawili sikuyataja mwanzoni. Kamera zitakuwa mwanzoni na mwishoni mwa kila njia, bila taa zake za infraredi za kuonea gizani. Na mteja mkuu ameomba upande mmoja wa chumba uwe wa kioo, ili wageni wauone kutoka ukumbini, na safu ya mbele imulikwe kwa LED za buluu.

Fundi_wa_Pwani

Buluu! Chini ya mwanga wa buluu faiba ya njano haionekani kuwa njano, na lebo nyekundu inakuwa nyeusi. Kama ni lazima, taa hizo ziwe kwenye sakiti yake, zizimike zenyewe mlango wa njia hiyo unapofunguliwa, na zisihesabiwe kabisa katika zile luksi 500.

Mshauri_Nairobi

Na kama kamera hazina infraredi, ile ngazi ya kwanza ya mwanga wakati chumba kikiwa tupu haiwezi kuwa sifuri. Angalia karatasi ya kamera inahitaji luksi ngapi kwa picha ya rangi, kisha umwambie mkandarasi wa DALI aweke kiwango cha chini kulingana nayo, na mpime usiku, si mchana mlango ukiwa wazi. Mtu asikutishe kwamba kupunguza mwanga kumekatazwa: toleo la kwanza la TIA-942 la mwaka 2005 lilisema swichi za kupunguza mwanga zisitumike, lakini ngazi tatu za toleo lililofuata zinahitaji mwanga uweze kubadilika.

Kilowati

Hapo ndipo tunapotofautiana. Ngazi tatu zinaweza kutekelezwa kwa kuwasha taa moja kati ya tatu, bila kupunguza yoyote. Baadhi ya draiva zinazopunguza mwanga kwa kuukatakata huacha mistari katika picha za kamera. Ndugu Msanifu, kabla ya Ijumaa omba taa moja ya mfano, iweke mbele ya kamera ileile mtakayonunua, uishushe hadi asilimia kumi, kisha utuambie ulichokiona. Na rangi ya makabati bado hujatupa.

Msanifu_Mikocheni

Nimepiga simu. Yameagizwa meusi, na yapo melini.